Ndege ya Nyuma

Jumamosi, 8 Novemba

Chai. Mkate. Pasi. Phanice ana zamu ya asubuhi hospitalini, nami bado nampigia pasi sare. Sijui kwa nini. Mwanamke huyu aliniambia mwezi wa pili kwamba ndoa yetu imefika mwisho, na hadi leo mimi ndiye ninayenyoosha kola yake.

Nekesa amebandika picha ya theme park ya Dubai kwenye friji. Ana miaka kumi na mmoja na anapanga safari kama meneja wa benki: tutapanda nini kwanza, nani atakaa na nani. Simiyu ana mitano. Swali lake ni moja tu, kama ndege ina choo.

Wanajua nusu. Siku chache Dubai, sote wanne, bustani ya michezo, kuogelea, raha. Hiyo ndiyo nusu yao. Nusu ya pili ni kwamba kutoka Dubai mama yao anaendelea hadi Uingereza. Amepata kazi ya uuguzi huko, na wao wanaenda naye. Mimi narudi Nairobi peke yangu. Nilikubali. Nilisema shule za huko ni nzuri. Nilisema mengi.

Wazo la kupitia Dubai lilikuwa langu. Nilitaka siku za mwisho za sisi wanne. Nilijiona mjanja sana.

Jumapili, 9 Novemba

Mama mkwe amekuja baada ya kanisa. Kwetu Wabukusu mkwe hapewi mkono, wala huli naye meza moja. Yeye akiingia sebuleni, mimi natoka. Nyumba yangu, hapa Kileleshwa, kodi ninalipa mimi, na nikakaa chumbani juu ya kitanda kama mgonjwa. Wakaamua mambo yangu huku nawasikiliza kupitia mlango.

Neno lake ni kwamba safari haitangazwi mpaka mtu akanyage kule aendako. Ana ushahidi. Binamu yake Phanice alitoa shukrani kanisani kabla ya visa, visa ikakataliwa. Jirani yake kule Kangemi alichinja mbuzi wa kuagana, akaugua kabla ya kufika uwanja wa ndege. Macho ya watu, anasema. Kwa hiyo habari ya Uingereza asiambiwe mtu. Si pasta, si dada wa kazi, si ndugu zangu Bungoma. Watoto ndio kabisa, maana mtoto akijua ploti nzima ya majirani imejua. Tuseme Dubai tu, likizo, basi.

Nilitaka kutoka niseme hao ni wanangu. Lakini utatokaje kumfokea mama mkwe? Nikakohoa. Phanice anakijua kikohozi changu. Nikamsikia akiendelea kumimina chai.

Jumatano, 12 Novemba

Mjini. Nimevunja lenzi mbili leo. Nimekata vioo vya miwani miaka yote hii, sivunji. Mteja alikuwa amekaa pale pale anasubiri. Nikamwambia mashine ina shida. Shida ni mimi.

Mchana nimempigia Phanice simu kutoka kwenye ngazi, maana dukani kuna masikio. Nikamwambia tuwaambie watoto sasa, wapate muda wa kulia kwao, kitandani kwao. Akakataa. Akasema wataharibikiwa na likizo yote. Tumekubaliana hivi: jioni ya siku ya mwisho kule bustanini, tukishatoka, tutakaa nao chini tuwaambie pamoja. Mimi ndiye nitakayeanza.

Angalau kuna siku. Nimeishika hiyo.

Jumamosi, 15 Novemba

Mama mkwe tena. Ana kibanda cha mitumba sokoni Kangemi na anajua kuchagua. Ameleta makoti. Mazito, ya sufu, yana kofia. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya mlango, sufuria mkononi.

Nekesa si mjinga. "Kukhu, si Dubai ni joto tu?" Kukhu ndiye nyanya, kwa lugha yetu. Akamjibu kwamba ndani ya ndege kuna baridi ya kuua. Simiyu akahesabu makoti kwa kidole. La Nekesa, lake, la Mama.

"Na ya Baba?"

Kisha mama mkwe akasema, "Baba yako ako na mwili, yeye hasikii baridi." Wakacheka wote. Utani mzuri. Na mimi nikacheka huko jikoni, peke yangu, bila sauti. Kisha hasira ikanipanda. Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumanne, 18 Novemba

Kwa kuwa Dubai si siri, Nekesa ameitangaza hadi kwa mwuza mboga. Soja wa getini amenipigia saluti: "Mkubwa, umeomoka! Usinisahau na saa, hata ya plastiki." Eti nimetajirika. Nimecheka naye. Nauchukia uso wangu ukicheka.

Riya wa ghorofa ya juu ndiye rafiki wa damu wa Nekesa. Wamekua pamoja kwenye ngazi za jengo hili. Nekesa amemuahidi kishikio cha funguo kutoka bustanini, chenye herufi ya jina lake. Mama yake Riya naye amesema atatuandalia zile chapati zao nyembamba za Kihindi, zenye majani ya uwatu, ambazo familia yao hubeba kila safari. Anatupenda. Nimesema asante, nikapanda lifti haraka.

Jumapili, 23 Novemba

Leo pasta ametusimamisha kanisani. Ni Nekesa aliyemwambia mwalimu wake wa Sunday school. Tukasimama wote wanne mbele ya watu, mikono ikanyooshwa kwetu, tukaombewa safari njema, waende wote warudi wote. Mimi nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote. Kwa kweli niliomba. Phanice alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nyumbani akanigeukia kwa kunong'ona, kwa sababu tunagombana kwa kunong'ona siku hizi. Eti mimi ndiye niliyemtuma Nekesa. Eti nataka mambo yaharibike. Nikamwambia sikumtuma mtu. Halafu nikamwambia ndiyo, nataka yaharibike. Akaenda kuoga.

Alhamisi, 27 Novemba

Phanice anapanga masanduku. Picha za watoto zimetoka ukutani sebuleni. Amewaambia anasafisha vioo. Mimi, fundi wa vioo, nimesimama pale nikakubali kwa kichwa.

Misumari imebaki ukutani. Nimetundika kalenda kwenye mmoja.

Jumamosi, 29 Novemba

Tumeondoka. Mama Riya alishuka na chapati zimefungwa kwenye foili, bado moto. Riya na Nekesa walikumbatiana kwa kelele, kama watu watakaoonana wiki ijayo.

Ndani ya ndege Simiyu alienda choo mara tatu, kila mara akarudi na ripoti. Kinanguruma. Maji ni ya buluu. Hakuna kinachoanguka chini kwa watu. Nekesa alishika mkono wangu ndege ilipoinuka. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi.

Jumapili, 30 Novemba

Dubai. Majengo yamepanda hadi shingo inauma. Chumba chetu kina vitanda viwili. Phanice na Nekesa kimoja, mimi na Simiyu kingine. Simiyu hulala na miguu kwenye mbavu zangu. Kwetu huwa namsukuma. Leo sikumsukuma.

Jumatatu, 1 Desemba

Bustanini.

Sijawahi kuona kitu cha namna hii. Ni mji mzima ndani ya jengo, una barabara zake na muziki wake, na watu wazima wamevaa masikio ya wanyama bila aibu. Simiyu alisimama mlangoni akakataa kuingia. Alidhani ni lazima tuombe ruhusa kwanza. Nikambeba begani.

Alipanda kigari moshi cha watoto mpaka mwendeshaji akamjua kwa jina. Kwenye kile kikubwa walimpima kwa mti uliochorwa twiga, akakosa kimo kidogo tu. Akajinyoosha, akasimama kwa vidole, wakamrudisha chini kwa upole. Alilia. Nikamwambia mwakani utafika. Neno likanitoka kabla sijalifikiria. Phanice alinitazama.

Tulikula chapati za Mama Riya kwenye foleni, zimepoa, tamu. Familia moja ya Wahindi mbele yetu wakageuka, wakaziona, wakacheka sana. Wakatugawia achari ya embe.

Nekesa alinivuta kwenye kigari cha reli inayopinduka. Nilipiga kelele kwa Kibukusu. Tuliposhuka alikaa chini akishika tumbo kwa kicheko. Tumenunua picha yetu tukiwa juu. Nimefumba macho, mdomo wazi, naye ananitazama mimi badala ya njia.

Jumanne, 2 Desemba

Tumerudi tena. Leo Phanice alikubali kupanda. Gari lilipoporomoka nasi gizani alinishika mkono kwa nguvu, kucha zikaingia. Mwaka mzima hajanigusa. Gari liliposimama akaachia. Lakini alikuwa anacheka, nywele zimevurugika, na alikuwa yule msichana niliyemjua akiwa mwanafunzi wa uuguzi, aliyekuwa akinisubiri nje ya posta.

Nikapumbaa. Kwenye foleni ya aiskrimu nikamwambia turudi wote wanne. Nyumbani. Nikasema nitabadilika, ingawa sijawahi kuelewa anataka nibadilishe nini.

"Usianze, Baba Nekesa. Tulimaliza."

Alisema kwa upole. Angefoka ningepata mahali pa kushika. Simiyu alitaka ya stroberi, nikamnunulia ya stroberi.

Sina matumaini tena. Nilikuja nayo hapa kwenye sanduku, sikumwambia mtu.

Jumatano, 3 Desemba

Siku yenyewe. Ya kuwaambia.

Mchana wote nilikuwa nayaweka maneno sawa kichwani. Nitaanza na Uingereza. Nitasema Mama ana kazi nzuri. Nitasema simu kila siku. Nitasema hakuna aliyekosea. Nikawa nayarudia juu ya vigari, kwenye foleni, chooni.

Nekesa alimpatia Riya kishikio chake, herufi R ya rangi ya machungwa. Alizunguka maduka yote mpaka akaipata. Aliifunga kwenye karatasi, akaiweka kwenye kimkoba chake.

Tulipotoka Simiyu alikuwa amelala begani kwangu, na Nekesa anaimba. Tukaketi kwenye benchi nje, taa zinawaka. Nikamwangalia Phanice. Nikafungua mdomo. Simu yake ikalia. Mama mkwe.

Nilisikia sauti yake upande wa pili, maana huongea kama yuko sokoni. Msiwaambie. Mtoto akilia pale kwa maafisa wa pasipoti, wataona kama anaibwa. Wataanza maswali, watawatoa kwenye foleni, ndege itaondoka. Wavuke kwanza. Wakifika, waambieni.

Nilikuwa tayari kubisha. Nilikuwa tayari hata kuichukua ile simu na kuongea na mama mkwe moja kwa moja, kitu ambacho sijakifanya tangu nioe. Mkono ulifika nusu ya njia. Ukashuka wenyewe. Phanice akasema, "Si umesikia." Nekesa akauliza kama tunaweza kurudi tena mwaka ujao.

Mimi ni mwoga. Siku ile niliyoishika imepita nikiwa nimeikalia.

Alhamisi, 4 Desemba

Uwanja wa ndege.

Simiyu ndiye aliyeona. Mbona begi la Baba liko kwenye kigari kingine. Phanice akasema tunapitia Uingereza kwanza, Baba atatufuata. Simiyu akanitazama mimi. Anajua nani wa kuulizwa mambo ya ndege.

Nikasema, "Nakuja na ndege ya nyuma."

Nilisema mimi. Sikulazimishwa. Alikuwa ananitazama usoni na sikupata kitu kingine mdomoni.

Akaridhika mara moja. Akauliza kama ndege ya nyuma ina choo. Nikasema ina viwili.

Nekesa hakuuliza chochote. Alikuwa amevaa lile koti la sufu kwenye joto lile, zipu hadi shingoni. Alifungua kimkoba chake, akatoa kile kijikaratasi, akakiweka kwenye mfuko wa shati langu. "Umpe Riya," akasema.

Kama angekuwa anarudi nyumbani angempa mwenyewe. Kama mimi ningekuwa nafuata nisingemwona Riya. Alielewa yote, pale pale, akasimama na koti lake, hakulia ili mambo yetu yasiharibike. Nilitaka kumkumbatia, akawa ameshageuka.

Walivuka. Hakuna afisa aliyewauliza lolote.

Ijumaa, 5 Desemba

Nairobi. Nimefika. Mvua. Soja aliuliza saa yake.

Jumamosi, 6 Desemba

Riya aligonga mlango asubuhi. Nilimpa kishikio. Akauliza Nekesa amelala? Nikasema wamebaki kidogo. Hata sasa, ndege imeshatua, watu wameshakanyaga, mdomo wangu bado unafuata amri ya mama mkwe.

Alipofika ngazi ya tatu nikamwita, nikamwambia ukweli. Alisimama ameishika ile R. Kisha akapanda juu polepole. Baadaye nilimsikia analia, na mama yake akimwuliza kwa lugha yao. Mtoto wa jirani nimeweza kumwambia, wangu nikashindwa.

Jumapili, 7 Desemba

Sikuenda kanisani.

Wamepiga jioni, kwa video. Phanice alimpa Simiyu simu akaondoka. Kule giza linaingia mapema, amechukizwa nalo sana. Amenionyesha dirisha, kitanda, soksi. Nekesa yuko wapi? Yuko chumbani, anasema hataki.

Kisha: "Baba, ndege yako imefika wapi?"

Phanice hajawaambia. Alisema angewaambia wakifika. Nikangoja asikie huko aliko, aje aingilie. Hakuja. Nikasema bado iko jangwani, kuna vumbi, rubani anaenda taratibu.

Jumapili, 14 Desemba

Mama mkwe ametangaza. Shukrani kubwa kule Kangemi, hema, pasta, kuku. Sasa inaruhusiwa. Ndugu zangu wamejua kupitia picha za watu wengine, na kaka yangu amenipigia kutoka Bungoma akanitukana vizuri. Anasema nimetoa damu yetu kimya kimya.

Jioni mtu wa boda boda aliniletea chakula katika hotpoti, kutoka kwa mama mkwe. Kuku, ugali, na paja zima, heshima kamili ya mkwe. Hakutuma neno lolote. Nilikula nikilia, na nilikimaliza. Yule mama anapika.

Alhamisi, 18 Desemba

Sasa Simiyu anapiga karibu kila jioni, na swali ni lile lile. Uturuki, nikamwambia, tumeshuka kuweka mafuta. Juzi, Ugiriki, mvua. Jana rubani alienda choo, akakawia. Alicheka mpaka simu ikamwanguka. Dukani, nikikata lenzi, najikuta naangalia ramani kwenye simu. Nakwenda polepole. Nikifika nitasema nini?

Phanice amenipigia yeye mwenyewe, kando. Anasema niache kumdanganya mtoto. Yeye! Nikamwuliza kwa nini hajamwambia. Akasema amejaribu, mtoto anaziba masikio. Nilisikia friji yao ikinguruma. Akasema kazi ni ngumu, wagonjwa wengi, baridi. Nikasema pole. Nilimaanisha.

Nekesa bado hataki simu.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nimelala hadi mchana. Mama Riya ameacha sahani ya peremende mlangoni.

Ndege iko Italia.

Jumapili, 4 Januari

Nekesa amekuja kwenye simu. "Shikamoo Baba. Uko poa?" Nikasema niko poa. Shule inafunguliwa kesho, sare ni ya kijani. Akaniambia asante kwa Dubai. Kwa adabu sana, jinsi anavyoongea na wajomba. Nikaanza kusema lile la uwanja wa ndege. Akasema ni sawa, Baba, akampa Simiyu simu.

Si sawa. Lakini hatanipa nafasi, na sina haki ya kuidai.

Jumapili, 11 Januari

Nimefua. Nimeanika. Nimemaliza maharagwe ya juzi.

Simiyu amepiga jioni. Amepoteza jino, amenionyesha pengo. Ana rafiki anayeitwa Oli, na Oli ana mbwa. Shuleni anakula mezani, na mwalimu humwambia aongeze. Ananionyesha viatu vipya, nyayo zinawaka taa akikanyaga. Alikimbia hadi ukutani na kurudi, mara nyingi, nami nikasifu kila mara.

Halafu akasema bye, Oli amemwambia kuna katuni.

Leo hakuuliza. Nilingoja, simu mkononi, uso wake ukiwa bado hapo akitafuta kitufe cha kukata. Nilikuwa nimeshaiandaa Ufaransa.

Nikamwambia usiku mwema. Nikaingiza nguo ndani, zilikuwa zimekauka.